Kusoma Kioo cha Kale: Mwongozo wa Kuchunguza Mchanganyiko na Rangi ya Shanga

Watu wanaoniletea ushanga wa kale kutoka pwani huuliza karibu wote swali moja, yaani ulitoka wapi, na wengi wao huwa wamekwisha kujijibu kwa kuitazama rangi. Wa buluu wanauita wa Kiajemi, mwekundu wanauita wa Kihindi, mweupe wanauita wa Kizungu. Mwongozo huu nimewaandikia wanafunzi na wasaidizi wa makavazi hapa Nairobi ambao wamepata nafasi ya kutumia mashine ya eksirei na wanataka kuitumia vizuri, na jambo ninalotaka walishike tangu mwanzo ni kwamba kila kioo kina historia mbili zinazopaswa kusomwa mbalimbali. Ipo historia ya kioo cha msingi, yaani mchanga na kiyeyushi vilivyopikwa na mafundi mahali fulani. Na ipo historia ya rangi, yaani kitu kidogo kilichotiwa baadaye, pengine katika karakana nyingine, pengine hata ng'ambo ya bahari. Rangi hueleza alichokitia fundi na jinsi alivyouendesha moto wake. Swali la asili hujibiwa na kioo cha msingi.

Silika safi, ile iliyomo katika mchanga mweupe, huyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,700 za Selsiasi, na tanuri za kale hazikufika huko. Ndiyo maana mafundi walihitaji kiyeyushi, na msomaji wa Nairobi anakijua kimojawapo kwa jina: magadi. Yale magadi yanayotiwa kidogo kwenye maharagwe ili yaive upesi, na ambayo huchimbwa katika Ziwa Magadi kule Kajiado, ni ya ukoo mmoja na magadi ya Wadi Natrun nchini Misri, ambayo watengenezaji wa vioo wa dola ya Roma waliyategemea kwa karne nyingi. Kufikia karne ya 9, katika nchi za Mashariki ya Kati, magadi ya Misri yalikuwa yakiachwa na majivu ya mimea inayoota kwenye udongo wa chumvi yakishika nafasi yake. Huko India na Sri Lanka mafundi walitumia soda inayojitokeza yenyewe juu ya ardhi wakati wa kiangazi, pamoja na mchanga uliojaa punje za miamba ya granaiti, wenye alumini nyingi kuliko mchanga safi wa ufukweni. Kila njia kati ya hizi huacha alama yake ndani ya kioo, na kazi yetu ni kuitafuta alama hiyo bila kuudhuru ushanga.

Kabla ya kuwasha mashine

Ushanga uliochimbuliwa nchini ni mali ya taifa chini ya sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006, kwa hiyo pata idhini ya maandishi kutoka Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na kibali cha utafiti cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, kabla ya kuuhamisha hata kutoka rafu moja hadi jengo jingine. Mashine ya eksirei nayo ina masharti yake ya leseni na usalama. Mwenye mafunzo ndiye huitumia, na hakuna anayeushika ushanga kwa vidole mbele ya mdomo wa mashine, hata kama ni mdogo kiasi gani na hata kama ni kwa sekunde chache tu.

Nakushauri kwa dhati ujifunze kwanza kwa vioo visivyo na thamani. Vipande vya chupa vinatosha kabisa, kwa kuwa kahawia ya chupa ya bia hutokana na chuma kikishirikiana na salfa, kijani cha chupa nyingi za siku hizi kina kromi, na chupa nyeupe ina chuma kidogo sana. Nunua pia shanga za kisasa za rangi ya machungwa na nyekundu kali sokoni. Ukikuta kadimi na seleni ndani yake, utakuwa umeiona kwa macho yako rangi ambayo haikuwako kabla ya mwisho wa karne ya 19, na siku utakapoikuta katika ushanga unaodaiwa kuwa wa Gede au wa Manda utajua la kusema, maana hiyo ni miji ya kale ya pwani.

Macho kwanza

Kaa karibu na dirisha, saa nne asubuhi hivi, mwanga unapokuwa mweupe na wa kutosha, na utumie lenzi inayokuza mara kumi. Upime ushanga kipenyo, urefu na uzito, kisha uutazame kwa mianga miwili, mmoja ukiuangukia kutoka mbele na mwingine ukiupenya kutoka nyuma. Hatua hii ya pili hurukwa mara nyingi, nami huisikitikia, kwa sababu shanga nyingi zinazoandikwa kuwa nyeusi katika orodha si nyeusi hata kidogo: zikipenywa na mwanga mkali huonyesha zambarau iliyokoza ya manganisi, au kijani kizito cha chuma. Kikombe cha Lycurgus cha karne ya 4, kilichoko katika British Museum mjini London, ni mfano mkubwa wa jambo hili. Kikiangaziwa kutoka mbele huwa cha kijani, na mwanga ukitoka nyuma huwa chekundu, kwa sababu ya chembe ndogo mno za dhahabu na fedha zilizotawanyika ndani yake.

Tazama pia viputo vya hewa na mistari. Vikinyooka sambamba na tundu, ushanga ulikatwa kutoka kwenye mrija mrefu wa kioo uliovutwa ungali moto. Vikizunguka tundu, kioo kilizungushwa juu ya kijiti cha chuma. Shanga ndogo za kuvutwa, nyingi zikiwa na kipenyo cha milimita 2 hadi 5, ndizo zilizosambaa kote kwenye Bahari ya Hindi, nawe utazikuta kwa wingi katika mikusanyo ya pwani yetu.

Kisha chunguza ngozi ya ushanga. Kioo kilicholala ardhini kwa miaka mia saba huwa kimepoteza sehemu ya sodiamu na potasiamu karibu na uso wake, na pengine kimepokea chuma, manganisi na chokaa kutoka kwenye udongo. Ukiona mng'ao wa rangi nyingi kama wa mafuta juu ya maji, au magamba, au uso uliofifia kama uliopakwa vumbi, ujue kwamba mashine itausoma uchakavu huo badala ya kioo chenyewe. Uso ulio imara unaweza kufutwa kwa pamba yenye ethanoli kidogo. Uso unaobanduka haufutwi, haulowekwi wala hautiwi asidi. Tafuta mahali palipomeguka zamani na upime hapo, au umwachie mhifadhi aamue.

Mashine ya eksirei na mitego yake

Mashine ya mkononi hupiga eksirei kwenye kioo, na kila elementi hujibu kwa eksirei zake yenyewe zenye nishati maalumu, ambazo kigunduzi huzihesabu. Ushanga haukatwi wala haukwaruzwi. Uzuri huo una mipaka inayopaswa kuandikwa waziwazi katika kila ripoti.

Mpaka wa kwanza ni sodiamu. Eksirei zake zina nishati ya keV 1.04 tu (keV ni kipimo cha nishati ya eksirei), na hewa kidogo iliyopo kati ya ushanga na kigunduzi huzimeza karibu zote, kwa hiyo mashine nyingi hazioni soda hata kidogo, na magnesiamu huiona kwa shida isipokuwa hewa hiyo iondolewe kwa gesi ya heli au kwa ombwe. Programu nyingi hata hivyo hulazimisha jumla ifike asilimia 100. Chukua kioo chenye soda asilimia 17, silika 62 na alumini 9: soda isipohesabiwa, silika itaonekana kuwa karibu 75 na alumini karibu 10.8. Namba hizo zitaonekana nadhifu nazo ni za uongo. Ukikosa njia ya kuipima sodiamu, tumia uwiano wa elementi zilizoonekana na uache kutaja asilimia.

Mpaka wa pili ni kina. Eksirei hafifu za alumini na silika hutoka kwenye tabaka la juu lenye unene wa maikromita chache, palepale penye uchakavu, ilhali zile za rubidi, stronti na zirkoni, zenye nishati ya keV 13 hadi 16, hutoka ndani zaidi kwa mbali. Elementi hizi tatu ndizo mashahidi ninaowaamini zaidi ninapotumia mashine ya mkononi. Hazihitajiki kumpa fundi rangi yoyote, na mara nyingi aliziingiza bila kujua, pamoja na mchanga na majivu.

Mtego wenye madhara makubwa zaidi, hata hivyo, ni kupandana kwa mistari, yaani nishati za eksirei ambazo kila elementi hujibu kwazo. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii niliandika kwamba shanga 12 nyeusi zote zilikuwa na kobalti, kwa sababu programu iliiandika kobalti mbele ya kila mojawapo, nami sikuufungua mchoro wa spektra, unaoonyesha mistari yote ya eksirei kwa nishati yake, nikajitazamia. Kobalti hujibu kwenye keV 6.93. Chuma hujibu kwa nguvu kwenye keV 6.40, lakini kina mstari wa pili kwenye keV 7.06, na kigunduzi cha kawaida hakiwezi kuitenga vizuri miwili hiyo. Shanga zile zilikuwa na chuma kingi tu. Tangu siku hiyo huweka kando ya kila ushanga kipande cha kioo chenye chuma bila kobalti, nikalinganisha ukubwa wa mstari wa pili wa chuma na ule wa kwanza, na iwapo uwiano huo haujazidi ule wa kipande cha kulinganishia, kobalti siiandiki. Mitego mingine ni ya namna hiyohiyo: risasi na arseniki hukutana kwenye keV 10.5, bari hujificha chini ya titani kwenye keV 4.5, na urani, yenye mstari wa keV 13.61, hukaa bega kwa bega na rubidi yenye keV 13.39. Fungua spektra kila mara. Orodha ya namba peke yake haitoshi.

Kwa upande wa utaratibu, mimi hupima mara mbili kila mahali. Mara ya kwanza natumia volteji ndogo, kilovolti 15 hivi, kwa elementi nyepesi. Mara ya pili kilovolti 40 pamoja na kichujio, kwa elementi nzito, kila kipimo kikichukua dakika moja au mbili. Napima sehemu tatu za ushanga mmoja pale ukubwa wake unaporuhusu. Ushanga wenye milimita 3 haulifuniki dirisha la mashine, na uso wake ni wa mviringo, hivyo namba zake zitakuwa pungufu, na hapo tena uwiano hutuokoa. Mwanzoni, baada ya kila shanga kumi, na mwishoni, nasoma kioo cha kulinganishia ambacho mchanganyiko wake unajulikana. Vile vya Corning, vinavyoitwa A, B, C na D, vilitengenezwa kwa kuiga vioo vya kale: A na B ni vya soda, C ni cha risasi na bari, D ni cha potasiamu. Kipimo cha kioo A kikianza kuyumba kati ya asubuhi na jioni, kazi ya siku hiyo hurudiwa, hata kama inauma.

Kuufahamu msingi

Baada ya kupata namba zinazoaminika, swali la kwanza ni la kiyeyushi. Watafiti hutumia mpaka wa asilimia 1.5. Kioo ambacho oksidi ya magnesiamu na oksidi ya potasiamu zote ziko chini ya mpaka huo kwa kawaida kilipikwa kwa soda ya madini kama magadi, na kile ambacho zote zimeupita kilipikwa kwa majivu ya mimea, ambayo huleta magnesiamu, potasiamu na fosforasi pamoja na soda yake. Swali la pili ni la mchanga: alumini ya asilimia 1 hadi 3 huonyesha mchanga ulio safi kiasi, na ikipita 5 au 6, pamoja na titani na zirkoni nyingi, huelekeza kwenye mchanga wa granaiti kama ule wa India na Sri Lanka.

Usikimbilie jina la nchi kwa alama moja, maana ipo mifano ya kumwaibisha mwenye haraka. Shanga za Mapungubwe, kusini mwa Afrika, za karne ya 13, zina alumini nyingi, na mtu angezihesabu haraka kuwa ndugu wa zile za India, ila zina magnesiamu nyingi pia, yaani zilipikwa kwa majivu. Ni kundi jingine kabisa. Hata shanga zenye soda ya madini na alumini nyingi si ukoo mmoja. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2008, uliohusisha shanga za Asia ya Kusini na za pwani ya Kenya, ulionyesha kwamba urani, bari, stronti na zirkoni huzigawa katika makundi yenye nyakati na maeneo tofauti. Kundi lenye urani nyingi na bari kidogo ndilo linalofungamana na pwani ya magharibi ya India, kwenye bandari kama Chaul, na shanga zake zimepatikana katika miji ya kale ya pwani yetu. Elementi zinazohesabiwa kwa sehemu chache katika kila milioni ndizo zilizotenganisha bandari na bandari, ilhali shanga zenyewe zikimwagwa mezani hufanana kama punje za mtama.

Rangi: fundi na moto wake

Sasa turudi kwenye rangi, ambayo ndiyo iliyomvutia mnunuzi wa karne ya 12 na ndiyo inayotuvutia bado. Kobalti ina nguvu kuliko zote. Sehemu moja katika elfu mbili hutosha kutoa buluu ya nili iliyokoza. Shaba huhitajika kwa wingi zaidi, asilimia moja hivi, na hutoa feruzi, au kijani risasi ikiwapo. Manganisi hutoa zambarau. Risasi na bati zikiungana hutoa chembe za manjano zinazokifanya kioo kisipenyeke na mwanga, na manjano hiyo ikitiwa shaba hutoa kile kijani kizito cha shanga ndogo za Bahari ya Hindi. Nyeupe ya zamani zaidi ilitokana na antimoni pamoja na chokaa, na baadaye na bati. Nyeupe ya risasi na arseniki ni ya Ulaya na ya karne za karibuni, hivyo arseniki ya kweli, siyo ile ya kubuniwa na mstari wa risasi, ni tarehe ndani ya ushanga. Kobalti nayo huja na wenzake wa mgodini: ikiandamana na nikeli, arseniki na bismuthi, fikiria migodi ya Saxony nchini Ujerumani na karne ya 16 au baada yake.

Hata hivyo, mashine ya eksirei huhesabu atomu tu, haioni hali zake, na rangi mara nyingi hukaa katika hali hizo. Anayejua jiko la makaa anaweza kulielewa jambo hili haraka. Jiko linalopepewa vizuri lina hewa ya kutosha. Jiko lililofunikwa hutoa moshi na kuila hewa yote. Shaba ileile, kwa kiasi kilekile, hutoa feruzi katika tanuri yenye hewa na nyekundu nzito katika tanuri iliyonyimwa hewa, kwa kuwa huko hugeuka chembe za shaba tupu au za oksidi yake nyekundu. Ile nyekundu ya matofali tunayoiona katika shanga ndogo za pwani ni kazi ya moto sawasawa na ilivyo kazi ya shaba, na chini ya hadubini mara nyingi utaona michirizi myeusi au ya kijani mahali ambapo hewa ilipenya. Chuma nacho hutoa samawati ya kijani katika hali moja na manjano katika nyingine, na manganisi ikikutana na chuma humnyang'anya mwenzake elektroni na zote mbili zikapoteza sehemu kubwa ya rangi, ndiyo maana kioo kisicho na rangi kinaweza kuwa na manganisi nyingi kuliko cha zambarau.

Kwa hiyo pima mwanga wenyewe. Kipima-spektra cha nyuzi za mwanga, kinachopima mawimbi ya mwanga yenye urefu wa nanometa 350 hadi 1,000 na zaidi, kitakuonyesha mahali ambapo kioo kimemeza mwanga. Kobalti huacha mabonde matatu karibu na nanometa 535, 595 na 645, ambayo hayafanani na ya kitu kingine chochote, na kipimo hiki kingeniokoa na aibu ya zile shanga 12. Manganisi ya zambarau humeza karibu na 490. Chuma cha manjano kina vijibonde vyembamba karibu na 380, 420 na 435, na cha samawati kina bonde pana karibu na 1,100. Andika unene wa kioo kila mara, kwa sababu kioo kinachopitisha nusu ya mwanga kikiwa na milimita 1 kitapitisha robo tu kikiwa na milimita 2, na shanga mbili za kioo kimoja huweza kupewa majina mawili ya rangi kwa sababu ya unene tu. Majina ya rangi pia yaache nyuma pale unapoweza. Andika thamani za L*, a* na b*, yaani namba tatu zinazoeleza mwangaza na rangi, na utaje aina ya mwanga uliotumika. Ukikosa kifaa, tumia kitabu cha rangi cha Munsell chini ya mwanga uleule wa dirishani.

Wakati wa kuomba leza

Eksirei za mkononi zikishindwa kutenga makundi, njia bora ni leza inayong'oa chembe za kioo na kuzipeleka kwenye kipima-masi, kifaa kinachotenganisha atomu kwa uzito wake. Shimo lake lina upana wa sehemu ya kumi ya milimita au pungufu, halionekani kwa jicho, na hupita chini ya ngozi iliyochakaa, likahesabu elementi zaidi ya arobaini, sodiamu ikiwemo. Chagua shanga chache zinazowakilisha kila kundi ulilolitenga, si zile nzuri tu za kupigia picha, na ukumbuke kwamba kupeleka ushanga nje ya nchi kunahitaji kibali cha pekee.

Katika ripoti, tenganisha aya ya msingi na aya ya rangi, kwa sentensi kama hii: kioo cha soda ya madini chenye alumini nyingi, rangi ya feruzi kutokana na shaba iliyopikwa penye hewa, kobalti imetafutwa na haikuonekana, sodiamu haikupimwa. Ushanga ukirudi kwenye kijisanduku chake, tia pamoja nao mchoro mdogo unaoonyesha mahali hasa eksirei ilipopiga, tarehe, volteji, na namba ulizozipata siku hiyo kwa kioo cha Corning A, ili atakayekuja na leza aanzie palepale ulipoishia.